SOMO LA REDIO: KITI KILICHOKAA KITUPU

Fungueni madaftari yenu. Leo nitawaeleza habari za kiti kimoja kilichokaa kitupu mwaka mzima, na huku aliyechaguliwa kukikalia yuko tayari mlangoni.

Kiti hicho kilikuwa katika Bunge la Jimbo la Georgia, huko Marekani. Nchi ile ni muungano wa majimbo 50. Kila jimbo lina bunge lake, mbali na Bunge kuu la nchi lililoko Washington.

Katika majimbo ya kusini, watu weusi walizuiwa kupiga kura kwa hila nyingi. Hila moja yawahusu ninyi mnaojifunza kusoma. Mtu aliambiwa asome maandishi magumu na kuyaeleza maana yake, na ofisa mzungu ndiye aliyeamua kama amefaulu. Hata mwalimu aliweza kuambiwa ameshindwa. Mwezi wa Agosti 1965 sheria ya nchi ilikomesha mitihani hiyo katika majimbo kama Georgia.

Mwaka huohuo wapiga kura wa sehemu moja ya mji wa Atlanta walimchagua Julian Bond, kijana mweusi mwenye umri wa miaka 25. Kabla hajaapishwa, chama cha vijana alichokifanyia kazi kilitoa tangazo la kupinga vita vya Vietnam. Bond alipoulizwa, alisema anakubaliana nalo. Basi tarehe 10 Januari 1966 alifika kula kiapo kama wenzake. Wabunge walimkataa kwa kura 184 dhidi ya 12.

Sasa fikirini, ndugu zangu. Nani aliyenyang'anywa hapo? Si Bond peke yake. Ni wale wote waliompa kura, maana walibaki bila msemaji.

Watu wake hawakukata tamaa. Mwezi wa Februari 1966 uchaguzi ulirudiwa, wakamchagua tena. Kamati ya Bunge ikamkataa tena. Mwezi wa Novemba wakamchagua mara ya tatu. Naye Bond alikuwa amepeleka mashtaka mahakamani. Tarehe 5 Desemba 1966 majaji wote tisa wa Mahakama Kuu ya Marekani waliamua kwamba Bunge halina haki ya kumzuia mjumbe kwa sababu ya maoni yake. Januari 1967 aliapishwa, akaketi.

Bond alilitumikia Bunge la Georgia, kwanza katika baraza la chini, kisha katika baraza la juu, hata mwaka 1987. Mwaka 1986 aligombea kwenda Bunge kuu la Washington, akashindwa na John Lewis, rafiki yake wa zamani. Ndiyo desturi ya kura: humwinua mtu leo, na kesho humwambia, basi. Alifariki mwaka 2015.

Kiti cha bunge si mali ya wabunge. Ni amana ya wapiga kura. Nanyi mkijua kusoma, mtalisoma jina la mgombea kwa macho yenu wenyewe, wala hamtahitaji kusomewa na mtu.

Maswali. Andikeni majibu kwa sentensi kamili:
1. Kwa nini Bond alikataliwa?
2. Alichaguliwa mara ngapi kabla ya kuapishwa?
3. Mjumbe wenu akikataliwa kwa maoni yake, ninyi mtafanya nini?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.