Bibi ya soda ni jirani yetu: maneno kwa wajitoleaji wa Nundu



Tangu Goma na Bukavu zilianguka mikononi mwa M23, mwezi wa 1 na wa 2 mwaka 2025, basoda wengi wamepita kwa barabara yetu ya Uvira na Baraka. Tunaona magari, tunaona silaha. Bibi na watoto wao, hatuwaoni. Mume anatumwa kwenye pozisio, mama anabaki kwa nyumba ya kupanga. Hajui Kibembe, hana shamba, hana mutu wa kumukopesha unga.

Ndiyo sababu tunataka kila avenyi iwe na mujitoleaji mumoja wa kuunganisha familia hizo na ofisi. Tusikilizane vizuri juu ya kazi hiyo.

Kwanza ni karatasi. Sheria ya tarehe 15/01/2013 juu ya wanajeshi inatambua haki za mujane na yatima. Lakini mama aliyeolewa kimila bila kuandikisha ndoa, siku mume akikufa, ofisi itamuuliza: wewe ni nani? Mutoto naye anaandikishwa kwa etasivili ndani ya siku 90. Zikipita, mambo yanakuwa marefu. Musindikize mama angali na mume. Akti na nimero ya matrikule zibaki kwa mikono yake mwenyewe. Wewe usichukue kopi.

Pili ni masomo. Tangu 2019 shule ya musingi ya serikali ni bure. Lakini mutoto anafika katikati ya mwaka bila bilteni, anarudishwa. Nenda na mama kwa direktere, mueleze kwa upole.

Tatu ni habari. Vita ikiwaka, WhatsApp inaua watu wangali wazima. Mujitoleaji hatangazi kifo cha mutu. Anamusindikiza mama kwa kamanda, ao kwa SECAS, kitengo cha jeshi chenye kushugulikia uraia na mambo ya jamii. Jeshi ndilo liseme.

Na kuna vya kukataa: franga ya mama hata kidogo, liste ya majina ya basoda, na picha ya mahali wanapolala. Liste ikipotea, inaweza kuua.

Wengine wanauliza: hawa wanatutoza kwenye barieri, tuwasaidie kwa nini? Tutaendelea kulaumu barieri hizo, bila kunyamaza. Lakini si huyu mama aliyefunga kamba barabarani. Tena njaa ya nyumba ya soda mara nyingi inakuja kuishia kwenye mufuko wa mwenye baiskeli. Mwezi wa 3 mwaka 2025 serikali ilitangaza kupandisha mushahara wa basoda mara mbili. Tunadai ufike kamili, kwa wakati, hata nyumbani.

Tusisahau wamama wa watoto wetu walioingia Wazalendo. Kwao hata matrikule mara nyingi hakuna. Wapokeeni vile vile.

Sisi hatuchukui nafasi ya serikali. Tunaomba etasivili ifuate familia hizo kule zinakaa, na jeshi litaje wazi ofisa wa kupokea wajane. Wakikawia, tutauliza tena, kwa amani na bila woga.

Kesho, kila mumoja aanze na nyumba tatu za avenyi yake. Piga hodi, jitambulishe, uliza mama anahitaji nini.