Jukwaa Liko Karibu Nawe

Msikilizaji wa Iringa na Mbeya, si lazima ushuke hadi Bagamoyo ndipo uone tamthilia. Hadithi za kuigiza ziko karibu: pale Kalenga, kilomita zipatazo 15 tu kutoka Iringa mjini, limehifadhiwa fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, lililorejeshwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Na mwandishi Mugyabuso Mulokozi alishaandika tamthilia kumhusu, Mukwava wa Uhehe. Hadithi ni yetu, na wa kuigiza wapo: wanafunzi, wanakwaya, vikundi vya ngoma. Ukumbi wa shule unatosha. Pazia la vitenge, taa mbili, mabenchi, kazi inaanza. Kinachopungua mara nyingi ni watazamaji wanaolipa, na mavazi na nauli za waigizaji haviokotwi. Kikundi cha mtaani kwako kikitangaza onyesho, kata tiketi, uende na watoto.