Mkono Hulifundisha Jicho: Niuroni za Kioo na Mafunzo ya Kilimo cha Mpunga Ahero



1. Utangulizi

Semina zetu nyingi huchukulia kwamba mkulima akishaonyeshwa, ameelewa. Mada hii inapima dhana hiyo kwa sayansi ya ubongo.

2. Ugunduzi

Mwaka 1992, Giacomo Rizzolatti na wenzake wa Chuo Kikuu cha Parma, Italia, walitoa matokeo ya uchunguzi wa ubongo wa kima aina ya makaka. Baadhi ya seli za neva zilizosisimka kima aliposhika chakula zilisisimka pia alipomwona mtafiti akikishika. Baadaye zikaitwa niuroni za kioo. Mwaka 2010, seli zenye tabia hiyo zilirekodiwa nchini Marekani kwa wagonjwa wa kifafa waliowekewa nyaya ubongoni kwa ajili ya matibabu.

3. Mipaka yake

Wapo waliozibebesha seli hizi lugha, huruma na utamaduni mzima. Mwaka 2014 mwanasayansi wa ubongo Gregory Hickok aliwapinga: makaka anazo, lakini hana lugha, wala haigi kama mtoto wa binadamu. Mwanasaikolojia Cecilia Heyes naye anasema niuroni hizi hujengwa na uzoefu wa kutenda na kuona kwa pamoja. Naafikiana naye. Utafiti wa London wa mwaka 2005 uliwahusisha wachezaji wa baleti na wa kapoeira: ubongo wa wachezaji ulisisimka zaidi walipotazama miondoko waliyoizoea miilini mwao.

4. Jarubani

Jambo hilohilo huonekana jarubani. Mtazameni mpandikizaji hodari wa mpunga katika skimu yetu ya Ahero. Ameinama, shada la miche liko mkono wa kushoto. Mkono wa kulia unachomoa miche miwili mitatu, ncha za vidole zinaizamisha kidogo tu kwenye tope, naye anarudi nyuma akifuata kamba. Mgeni aliyesimama juu ya tuta huona mgongo na kasi. Aliyekwisha kupanda mstari mmoja, miche yake ikaelea, huviona vidole.

5. Mapendekezo

(a) Katika shamba darasa, mwanafunzi aonyeshwe kwa ufupi, apande mwenyewe, kisha aonyeshwe tena. Maonyesho ya pili ndiyo yatakayomfaa zaidi.

(b) Mwonyeshaji asimame ubavuni mwa mwanafunzi, wote wakielekea upande mmoja, na atende polepole.

(c) Tujichunge mbele ya watoto, maana nao hututazama na kuiga. Anayenyunyiza dawa bila glavu wala barakoa anafundisha, hata kama hakukusudia.

6. Hitimisho

Kutazama hufungua mlango wa ujuzi, lakini kutenda ndiko kunakoujenga. Naiomba semina hii iazimie kwamba, kuanzia msimu ujao, mafunzo yote ya kupandikiza yafanyike jarubani, na sehemu kubwa ya muda iwe ya mikono ya wanafunzi.