Kuupiga Picha Mji wa Unguja kutoka Baharini



Msafiri afikaye Unguja kwa njia ya bahari huuona mji kwa macho kabla ya kusikia sauti zake. Kwanza huona mstari mweupe juu ya maji. Kisha mstari ule hugawanyika, ukawa nyumba, mapaa, na minara. Jioni hii nataka kusema nanyi juu ya kuupiga picha mji ule kutoka ng'ambo ya maji, na juu ya kosa nililolitenda mimi mwenyewe katika kazi hiyo. Natumaini kuwa kosa la mwalimu laweza kuwa somo kwa wengine.

Katika mwaka wa 2014 naliwachukua wanafunzi wangu wa chuo cha ualimu kwenda kisiwa cha Changuu, kilichoko kilomita zipatazo 5 kutoka mjini, upande wa kaskazini-magharibi. Tulipokwisha kuwatazama kobe wakubwa wa kisiwa kile, naliwapanga wanafunzi ufukoni, migongo yao ikielekea mji, nikapiga picha moja tu. Ilikuwa saa tatu ya asubuhi. Picha ile nikaitia katika makaratasi yangu, wala sikuandika neno lolote nyuma yake.

Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya mbele ya Beit el Ajaib iliporomoka pamoja na mnara wake wa saa, na watu 2 wakafa. Jumba lile lilijengwa na Sultani Barghash katika mwaka wa 1883, na mtu aliyeutazama mji kutoka baharini alilitambua kabla ya majumba mengine yote. Baada ya siku chache nikapata barua ya mmoja wa wanafunzi wangu wale, ambaye sasa alikuwa mwalimu wa watoto wadogo. Aliandika, "Shikamoo, Mwalimu. Naiomba ile picha ya Changuu, nipate kuwaonyesha watoto wangu jinsi mnara ulivyokuwa."

Nikaitafuta kwa furaha, lakini nilipoiona furaha ikaniisha. Jua lilikuwa nyuma ya mji, na nyumba zote zilikuwa kivuli cheusi. Tena, mahali pale mnara ulipopasa kuonekana, palikuwa na kichwa cha kijana mmoja mrefu kuliko wenzake. Kijana huyo ndiye aliyeniandikia barua.

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Sura ya mji ni mali ya wote wakaao ndani yake, na picha ipigwayo kwa uangalifu ni daftari yake. Haya si maneno ya kujipamba. Zitazameni picha za kale za Unguja zilizopigwa kutoka baharini, nanyi mtaona kuwa husomeka kama kitabu. Ukiona mnara umesimama peke yake mbele ya majumba ya kifalme, karibu na pwani, jua kwamba picha ile ni ya kabla ya tarehe 27 Agosti 1896. Siku ile manowari za Waingereza ziliyapiga mizinga majumba yale kwa muda usiotimia saa moja, na watu wapatao 500 wakauawa au kujeruhiwa. Mnara ule uliharibika, ukabomolewa. Baadaye mnara mwingine ukajengwa katika uso wa Beit el Ajaib yenyewe. Ukiona milingoti mitatu imechomoza majini bandarini, hiyo ni milingoti ya Glasgow, merikebu ya Sultani iliyozamishwa siku ile ile. Ilibaki pale miaka mingi, hata mabaki yake yakavunjwa katika mwaka wa 1912. Basi mtu aweza kuijua tarehe ya picha kwa mambo hayo, hata kama mpigaji hakuandika kitu. Lakini ni heri mara ngapi kama angaliandika!

Sasa nitawaambia niliyojifunza tangu kupata barua ile.

Kwanza, lijue jua. Mji Mkongwe umeelekea magharibi. Asubuhi jua hutoka nyuma yake na kumwingia mpigaji machoni. Lakini kuanzia saa tisa ya alasiri jua huwa nyuma ya mpigaji, na kuziangaza nyumba usoni. Hapo ndipo utaona roshani, madirisha, na hata nyufa za kuta. Wengi hungoja jua litue, kwa kuwa mbingu hupendeza. Hakuna ubaya, ila mbingu hupendeza kila mahali, na mji ni mmoja.

Pili, chagua mahali. Ukiwa Changuu, mji wote huonekana mwembamba kama uzi, na wakati wa joto mazigazi hucheza juu ya maji na kuutikisa mstari wa nyumba. Usijaribu kuikuza picha ndani ya simu yako ya mkononi, maana hivyo hupati jambo jipya, bali wapanua madoa yaliyopo. Afadhali umwombe nahodha akusogeze mpaka mbele ya Forodhani, ukae katikati ya chombo, azime mashine, nawe ubane viwiko vyako mbavuni. Wimbi likiisha kukuinua, kabla halijakushusha, chombo hutulia kidogo sana. Piga wakati huo.

Tatu, yatazame maji. Bahari hailali upande. Ikiwa imelala upande katika picha yako, ni mkono wako uliopinda. Acha maji mbele na mbingu juu, wala usikate ncha ya mnara wala ya kanisa. Jahazi likipita si kizuizi, bali ni kipimo cha ukubwa wa majumba. Watu nao wakae upande mmoja, wasiufunike mji kama walivyoufunika wanafunzi wangu.

Nne, andika. Andika siku, saa, mahali uliposimama, na kama maji yalikuwa yamejaa au yamekupwa. Kisha rudi mwaka ujao, usimame pale pale, upige tena. Picha mbili za mahali pamoja, zilizoachana mwaka mmoja, huonyesha jambo ambalo picha moja haiwezi kulionyesha: ukuta uliopasuka, paa lililoondolewa, jengo jipya lililochomoza.

Sikuweza kumpa kijana yule mnara wake. Nalimpelekea picha ile kama ilivyo, na nyuma yake nikaandika tarehe, saa, na maneno haya: "Mnara uko nyuma ya kichwa chako." Akanijibu kwamba aliwaonyesha watoto, wakacheka sana, kisha akawapeleka pwani alasiri, kila mmoja na karatasi yake, wauchore mji kama ulivyo siku ile, na waandike tarehe.

Ninyi mnaonisikiliza, yamkini mnakaa mbali na Unguja. Lakini kama mji wenu una mto, ziwa, au bahari mbele yake, nendeni ng'ambo mkautazame. Mkiisha kuupiga picha, andikeni tarehe.