Tuwasogeze Vijana Karibu

Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Amma baad.

Ndugu zangu katika imani, mtoto akibaleghe huwa na maswali ambayo wengi wetu huyajibu kwa ukali. Natija yake ni kuyapeleka kwa rafiki asiyejua zaidi yake.

Imamu Ahmad amepokea kutoka kwa Abu Umama (R.A.) kisa cha kijana aliyemwomba Mtume (S.A.W.) ruhusa ya kuzini. Watu wakamkemea. Mtume (S.A.W.) akamsogeza karibu, akamuuliza iwapo angeridhia hayo kwa mama yake, binti yake, dada yake, shangazi yake na khalati yake. Kila mara akakataa. Kisha akamwekea mkono, akamwombea msamaha, usafi wa moyo na hifadhi ya tupu yake. Kijana hakuligeukia tena jambo lile.

Zingatieni: haramu haikuhalalishwa, wala kijana hakufukuzwa. Naye akapewa mizani ya kupimia kila usuhuba: asiloliridhia kwa dada yake, asilitende kwa dada wa mwenziwe.

Basi tuketi na wana wetu, tuwasikilize kabla ya kuwahukumu. Wabillahi tawfiq.