INI HALIPIGI KELELE

Hotuba iliyotolewa na mjumbe wa kamati katika mkutano wa wanachama, Soy



Nimepewa nafasi kidogo kabla ya habari za mishahara. Nataka kusema habari za ini, maana ugonjwa wake unatupunguza kimya kimya.

Mnamkumbuka mwenzetu tuliyepakia naye magunia. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa watoto wake wako hapa hapa. Macho yake yalipogeuka manjano, wengine tulisema ni nyongo, wengine ni pombe, na hali yeye pombe hakuionja. Wengine tulisema amerogwa. Alikunywa dawa za miti miezi minne. Alipofika kwa daktari Eldoret, tumbo limekwisha kujaa maji, na ini lilikuwa limeharibika kabisa. Mimi ni mmoja wa waliosema amerogwa, na hata leo naona haya.

Ugonjwa wenyewe ni homa ya ini aina ya B. Huletwa na kijidudu kidogo sana kiingiacho katika damu. Hupita kwa damu, kwa tendo la mume na mke, na kutoka kwa mama kumwingia mtoto wakati wa kuzaa. Hupita katika wembe mmoja wa kinyozi, katika sindano iliyokwisha kutumika, na katika kisu kimoja cha kutahiri vijana wengi. Haupiti kwa kupeana mikono, wala kwa kula sahani moja, wala kwa kulala nyumba moja. Basi anayemtenga mwenzake mezani hajikingi na kitu, anamwumiza bure.

Mtu mzima akiupata, mara nyingi mwili hushinda wenyewe. Lakini mtoto mchanga akiupata wakati wa kuzaliwa, katika 10 karibu 9 hubaki nao. Huweza kukaa miaka 20 au 30 bila kusikia maumivu, kwa maana ini halipigi kelele mpaka limechoka. Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 duniani walikuwa nao, na watu milioni 1.1 walikufa kwa ajili yake mwaka ule.

Sasa sikilizeni vizuri. Serikali ya Kenya ilianza kuwachanja watoto wachanga wote mwaka 2001. Aliyezaliwa kabla ya hapo hakuipata chanjo hiyo utotoni. Tazameni tulioketi hapa: wengi wetu tulizaliwa kabla ya mwaka ule! Watoto wetu wamekingwa, na sisi tunaowalisha hatukukingwa. Lakini mtu mzima naye huweza kuchanjwa, sindano tatu katika miezi sita. Kwanza apimwe damu.

Akionekana anao, asikate tamaa. Si kila mtu huhitaji dawa, lakini kila mmoja huhitaji kutazamwa ini lake mara kwa mara. Anayehitaji dawa hupewa kidonge cha kila siku, kiitwacho tenofovir. Hakimalizi kijidudu, lakini hukituliza, na ini hupona jeraha. Kidonge hicho hicho hutumika pia kwa wagonjwa wa ukimwi, kwa hiyo ukimwona mtu anakimeza, usikimbilie kumsema.

Tena kuna jambo letu sisi watu wa mahindi. Mahindi yasiyokauka vizuri huota ukungu wenye sumu, ndiyo sumukuvu. Mwaka 2004 sumu hiyo iliwapata watu 317 huko Makueni, Kitui na jirani zao, na 125 wakafa. Hata ikiliwa kidogo kidogo huharibu ini, na kwa mtu mwenye homa ya ini B huzidisha sana hatari ya kansa. Kausheni mahindi mpaka unyevu usizidi asilimia 13.5, na yaliyooza msiyapeleke posho. Tajiri akiwapa posho yenye ukungu, leteni habari chamani siku ile ile.

Ndugu, najua kwa nini watu hawaendi kupimwa. Kwanza, kwenda Eldoret na kurudi ni nauli na siku ya mshahara iliyopotea. Pili, mtu huogopa kufukuzwa. Juu ya hofu hiyo, Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 27, yakataza kumbagua mtu kwa sababu ya hali ya afya yake. Na juu ya fedha, tangu Oktoba 2024 tunakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa bima ya afya. Mwenye shilingi 15,000 hukatwa 412 na senti 50. Hiyo ni jasho lenu. Mwulizeni karani kama inafika inakotakiwa kufika.

Kwa hiyo naomba mkutano huu uagize kamati ipeleke kwa matajiri mambo matatu: siku moja ya kupimwa bila kukatwa mshahara, chanjo kwa wote, na kwanza kwa wanaoshika damu katika zahanati za mashamba, na majibu ya damu yawe siri ya mtu na daktari wake, si ya nyapara.

Mwenzetu yule hatuwezi kumrudisha. Lakini wa pili asife kwa maneno yetu. Mimi nitapimwa Jumatatu. Nani atakwenda pamoja nami?

Umoja ni nguvu.