Jumamosi za Mafundi: Nani Atawashika Mkono Vijana wa Klabu ya Roboti?

Maelezo ya Afisa Habari wa Halmashauri katika mkutano wa wakazi wa kata, yanayochapishwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.



Nimepewa dakika chache kati ya taarifa ya maji na taarifa ya barabara, nami nitazitumia kwa jambo moja tu. Klabu ya roboti ya sekondari yetu imebaki bila mlezi mwenye ujuzi. Mwalimu wa fizikia aliyeianzisha amepata uhamisho, kama ilivyo kawaida katika utumishi wa umma, na aliyepokea kijiti ni mwalimu wa hesabu ambaye ana moyo mkubwa lakini hajawahi kulehemu waya maishani mwake. Wanafunzi hawajaacha kufika. Kila Jumamosi wanafungua sanduku, wanazitazama mota na nyaya, wanajaribu hiki na kile, kisha wanalifunga. Mambo yakienda hivi hadi mwisho wa muhula, klabu itakufa kimya kimya, na sanduku lile litahamia stoo kukaa pamoja na madawati mabovu.

Wengi mlioketi hapa mnaikumbuka miaka ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, ulioanza mwaka 2004, shule za kata zilipoota nchi nzima. Wananchi walisomba mawe na mchanga, wakafyatua tofali, wakachimba misingi kwa jembe na sururu. Nguvu ile ndiyo iliyosimamisha kuta. Leo sikuja kuomba tofali. Nimekuja kuomba kile kilichomo vichwani na mikononi mwa fundi redio, fundi simu, fundi umeme, mchomeleaji, seremala, na yeyote aliyepita chuo cha ufundi akajua kwa nini mota inaungua.

Najua swali linalowajia, kwa sababu nimeulizwa njiani kabla hata sijafika hapa: maabara haijakamilika, matundu ya vyoo hayatoshi, roboti za nini? Ni swali la haki na silikwepi. Jibu langu ni kwamba roboti yenyewe si lengo. Ni kigari kidogo cha magurudumu mawili au manne, chenye betri, mota, sensa na bodi ndogo ya saketi inayopokea maagizo kutoka kwenye kompyuta. Ndani ya kigari hicho mna fizikia ya umeme, hesabu za uwiano wa gia, na tabia ya kupima jambo kabla ya kulisemea. Mambo hayo mtoto anayasoma darasani na kuyaandika kwenye mtihani. Tofauti ni kwamba hapa akikosea, kigari hakiendi, na hakuna wa kumpa alama za huruma.

Utaratibu huu wa watu wazima kujitolea kulea timu za wanafunzi haukubuniwa na Halmashauri. Nchini Marekani mhandisi Dean Kamen alianzisha taasisi ya FIRST mwaka 1989, na mashindano yake ya kwanza, mwaka 1992, yalikuwa na timu 28 katika ukumbi wa michezo wa sekondari moja jimboni New Hampshire. Tangu mwanzo wahandisi na mafundi waliketi meza moja na wanafunzi. Profesa Woodie Flowers wa chuo cha MIT, aliyefariki mwaka 2019, alishirikiana na Kamen kuyaasisi mashindano hayo, na ipo tuzo yenye jina lake inayotolewa kwa walezi, si kwa roboti. Mwaka 2017 taasisi dada iliandaa mashindano ya dunia jijini Washington, yakakusanya vijana wa nchi zaidi ya 150, zikiwemo za Afrika Mashariki.

Lakini habari ninayoipenda zaidi ni ya sekondari ya Carl Hayden, katika mtaa wa watu wa kipato cha chini mjini Phoenix, jimbo la Arizona. Walimu wawili, Allan Cameron na Fredi Lajvardi, walijitolea saa zao za ziada kulea vijana wanne, watoto wa wahamiaji kutoka Mexico. Mwaka 2004 waliingia shindano la roboti za chini ya maji, na kwa makusudi wakachagua daraja la juu, lenye vyuo vikuu. Waliona kwamba kushindwa na vyuo hakuna aibu. Roboti yao waliiunda kwa mabomba ya plastiki ya maji, kwa takriban dola 800. Shindano likiwa limewadia, wakagundua maji yanapenya kwenye sanduku la saketi. Mwanafunzi mmoja akashauri wanunue pamba za hedhi, zile zinazonyonya, wazipange ndani ya sanduku. Kina mama mnacheka, lakini zilifanya kazi. Vijana wale wakaibuka washindi wa jumla, mbele ya MIT.

Ushindi ule haukuwafungulia kila mlango. Maisha yao ya baadaye yalikuwa na misukosuko ya vibali na ajira, na sitaki kuwauzia ndoto hapa. Ninachotaka mkione ni nafasi ya wale watu wazima wawili. Wazo la pamba halikuwa la mwalimu. Kazi yao ilikuwa kuweka mazingira ambamo kijana anaweza kusema wazo la ajabu bila kuchekwa, kisha likajaribiwa.

Hapo ndipo penye ugumu, ndugu zangu mafundi, na nawaomba mnivumilie nikae hapo kidogo. Chukueni mfano. Kigari cha wanafunzi kinatakiwa kwenda mbele moja kwa moja, nacho kinapinda kushoto kila mara. Fundi mzoefu atajua baada ya kutazama mara moja tu: mota ya kushoto imechoka, au gurudumu linasugua, au waya umelegea. Mkono wake utakwenda kwenye bisibisi wenyewe. Dakika tano kigari kitanyooka, watoto watapiga makofi, na hawatakuwa wamejifunza lolote isipokuwa kwamba fundi ni hodari, jambo ambalo walilijua.

Mlezi mzuri atauliza, “Mkizibadilisha mota hizo mbili nafasi, mnadhani itakuwaje?” Watazibadilisha. Kigari kikianza kupinda kulia, ugonjwa umehama pamoja na mota, basi mota ndiyo mbovu. Kikiendelea kupinda kushoto, mota haina hatia. Watafute kwenye gurudumu, kwenye waya au kwenye programu. Itachukua saa nzima na huenda Jumamosi ikaisha bila jibu. Lakini mtoto aliyefanya hivyo mara moja ataweza kulitafuta tatizo katika pampu ya maji, katika pikipiki, na hata katika hesabu za kikundi cha akiba. Kuizuia mikono yako ukiwa unajua jibu ni kazi nzito kuliko kutengeneza, na ndiyo kazi tunayoiomba.

Mpaka wake ni mmoja: usalama. Betri za lithiamu zilizotolewa kwenye simu chakavu huvimba, na nyaya zake zikigusana zinaweza kuwaka moto. Risasi ya kulehemu hutoa moshi usiofaa kuvutwa. Hapo hatuulizi maswali. Unasema “acha”, dirisha linafunguliwa, mikono inanawa.

Liko jambo jingine ambalo mafundi wetu hulionea haya bila sababu. Baadhi wameniambia kwamba hawakufika mbali na shule, nao wanafunzi wanasoma kwa Kiingereza. Nimewahi kukaa nyuma ya darasa lile. Mwanafunzi wa kidato cha tatu ana neno la kitabuni na kanuni yake kwa ufasaha, lakini hajawahi kuona waya ukipata moto kwa sababu ni mwembamba kuliko mzigo wake. Fundi ameuona mara elfu, anao msamiati wake wa Kiswahili, na hana kanuni. Wakikutana, kila mmoja anamkamilisha mwenzake. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu kubwa ya kumleta fundi, kuliko hata kunusuru klabu.

Niwaombe pia mtazame nani anashika nini. Katika vikundi vya mchanganyiko mara nyingi binti hupewa daftari aandike na mvulana hupewa bisibisi. Hakuna anayeamuru, hutokea tu. Mlezi anapaswa kuzungusha zamu, na kina mama wenye ujuzi, wakiwemo mafundi cherehani wanaofungua na kufunga mashine zao wenyewe, wanahitajika sana katika orodha hii.

Masharti ni machache na hayajadiliwi. Watoto hawa wanalindwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Mlezi wa kujitolea hatakaa na mwanafunzi faraghani. Kazi hufanyika darasani, milango ikiwa wazi, mwalimu akiwepo. Mawasiliano yote yatapitia kwa mwalimu, si kwa simu ya mtoto. Hakuna mchango utakaodaiwa kwa mzazi kwa jina la klabu.

Kuhusu posho, nitasema wazi: haipo. Fundi atakayefunga kibanda Jumamosi asubuhi atapoteza wateja, na Halmashauri haina fungu la kumlipa. Ndiyo maana hatuombi kila Jumamosi. Tukipata watu wanane, kila mmoja atafika mara moja kwa mwezi, wawili wawili, kuanzia saa tatu hadi saa sita. Shule itatoa chumba chenye kufuli na umeme wa LUKU. Tukipata wawili tu, tutaanza na wawili, ila watachoka, na mwakani nitasimama tena hapa.

Daftari la kujiandikisha liko ofisini kwa Mtendaji wa Kata kuanzia kesho saa mbili asubuhi. Njoo na barua ya utambulisho kutoka kwa mwenyekiti wa kijiji chako. Ukiwa na bisibisi ndogo, zile za kufungulia simu, uje nazo siku ya kwanza, maana shuleni zimebaki mbili.